Kiti cha Mama Elimringi

Machame, 11 Januari 2025

Wifi Jacqueline,

Sikusalimii, kwa hiyo usijisumbue kuitikia. Namba yako nimeifunga tangu siku ile tulipomzika mama mgombani, na sitaifungua, maana ukinipigia utalia na mimi kelele sizitaki. Mwenye neno aandike. Elibariki anashuka Dar na fuso la ndizi kila wiki. Barua hii atakupa mkononi, na jibu lako mpe yeye.

Nataka cherehani ya mama.

Najua kikao cha ukoo kilisema nini. Nilikuwa jikoni nachambua mchele wa waliokuwa wanagawana, nikamsikia kaka Elimringi akitangaza kwamba vitu vya mama ni vya kitinda mimba, yaani Steven wako, kwa kuwa ndiyo mila, na kwamba binti akishaolewa ana kwake. Sawa. Nyumba chukueni. Migomba chukueni. Lakini cherehani! Steven hajawahi kushona hata kifungo cha shati lake, na wewe ulikuwa unasuka watu nywele saluni. Mimi ndiye niliyekaa na mama pale barazani kwa Mzee Humoud muuza vitambaa, Kariakoo, tangu niko darasa la tano mpaka naolewa. Kila nikitoka shule nilikuwa nachomeka sindano na kushona pindo, na wateja walikuwa wananiita fundi mdogo. Leo naambiwa mimi mgeni.

Ifunge kwenye gunia pamoja na meza yake, mpe Elibariki. Usimtume Steven kuja kunibembeleza.

Joyceline

*

Kariakoo, 15 Januari 2025

Shikamoo wifi,

Nimekuamkia kwa sababu nililelewa.

Cherehani siitoi. Steven nimemsomea barua yako, kasema ugomvi wa wanawake haumhusu, akaenda zake dukani kuuza ndoo. Saluni niliyokuwa nasukia imevunjwa, mwenye jengo anapandisha ghorofa. Sina kazi, na duka la ndoo halitutoshi. Kiti cha mama pale barazani ndiyo riziki niliyobaki nayo, na sikukiiba, nilipewa mbele ya ukoo mzima.

Ila nikwambie jambo ambalo hulijui, au unalijua unajifanya umesahau. Pale kwa Mzee Humoud hakuna mkataba. Fundi anakaa kwa neno la mdomo, na kiti ni cha mashine inayolia. Mzee ameniita nyuma ya majora ya vitambaa, kaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, marehemu nilimheshimu. Lakini Ramadhani ikiingia na mashine yake bado imefunikwa shuka, hiyo imekufa, na kiti nitampa mwingine. Kazi ya Idi haingoji." Huyo mwingine ni mdogo wake Bushiri, yule fundi wa mashine ya jirani. Nikimuuliza Bushiri uzi unapita wapi, anacheka: "Taratibu utajua tu, dada." Wenzake wote pale midomo wameifunga, wanasubiri nishindwe. Nimeangalia video kwenye simu, zote ni za mashine nyeupe za umeme, siyo hili jitu jeusi la kukanyaga.

Kwa hiyo chagua. Nikishindwa, mashine utaipata, ila kiti alichokalia mama yako kitakaliwa na mdogo wake Bushiri. Hutaki hivyo, niandikie namna ya kuitega na kuitumia. Ukiona vibaya, acha.

Jacqueline

*

Machame, 18 Januari 2025

Wifi,

Umejua pa kunishika. Hongera.

Nitakuandikia, na siyo kwa ajili yako. Nikimfikiria mtu wa kwa Bushiri amekalia kiti kile natamani kutapika. Wewe nakuchukia kidogo chini ya hapo. Sasa soma polepole, maana sirudii.

Kwanza usiguse uzi. Katikati ya lile gurudumu la mkono kuna kitufe cha duara. Kilegeze. Ukishakilegeza, ukikanyaga chini gurudumu litazunguka lakini sindano haitacheza. Kaa hapo ukanyage bila kushona chochote, hata siku nzima, mpaka miguu yako ishike mwendo, ndipo ukikaze tena. Gurudumu linazungukia upande wako. Ukiliona linakwenda mbele, simama, anza upya.

Pili, sindano. Juu ina upande mmoja bapa. Bapa litazame kushoto, uisukume mpaka ifike mwisho, ndipo ukaze skrubu. Uzi unaingia tunduni kutoka kulia kwenda kushoto.

Tatu, ule mguu wa chuma unaokandamiza kitambaa uwe juu wakati unapitisha uzi, na chini wakati unashona.

Nne, kabla ya kitambaa, chukua karatasi ya daftari yenye mistari, shona juu ya mstari bila uzi. Ukitoka nje ya mstari, chukua karatasi nyingine.

Tano, mafuta ni ya mashine, yanauzwa hapo hapo mtaani kwenu. Usiniwekee mafuta ya kupikia kwenye cherehani ya mama yangu.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Tuone kama hicho kiuno chako cha mjini kinainama.

Joyceline

*

Kariakoo, 29 Januari 2025

Wifi Joyceline,

Safari hii sikuamkii.

Nilijua. Tangu naifungua barua yako moyo uliniambia, huyu hawezi kukutakia mema, lakini nikajipa moyo. Nimefuata maneno yako. Sindano ya kwanza imevunjika, kipande kikaruka kikapita karibu na jicho langu. Ya pili inatoboa kitambaa lakini haishoni. Kisha uzi ukajifunga chini kwenye bobini mpaka gurudumu likagoma kabisa, na sasa mashine imekuwa nzito hata mikono miwili haiizungushi. Baraza zima limesimama kunitazama. Bushiri kaniambia, "Dada, mashine ya marehemu imekukataa."

Lile la kukanyaga hewa siku nzima niliruka. Sitafanywa kichekesho cha Kariakoo kwa sababu wewe una uchungu na kaka zako.

Kitambaa nilichokishonea nimekifunga humu ndani. Kitunze, kiwe ushahidi. Nikimaliza kuandika hapa namwandikia kaka Elimringi, nimweleze jinsi dada yake anavyoharibu mali ya ukoo kwa makusudi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema kweli.

Jacqueline

*

Machame, 1 Februari 2025

Jacqueline,

Kitambaa chako kimefika, na kimesema yote ambayo wewe hukuandika.

Hapo mwanzo pana mstari wa matundu matupu, uzi haukushika hata mara moja. Hiyo ni sindano iliyogeuzwa, bapa linatazama kulia. Baadaye pana donge la uzi upande wa chini. Hilo ni gurudumu lililozungushwa kwenda mbele. Nikakinusa. Kinanuka mafuta ya alizeti. Wewe mwanamke! Ndiyo maana mashine imekuwa nzito, hayo mafuta yanagandia ndani mpaka chuma kinashikana.

Mtu asiyejua hukosea huku na huku, lingine anapatia kwa bahati. Wewe hukupatia hata moja. Ulichukua barua yangu ukafanya kinyume chake, neno kwa neno, kwa kuwa uliamini lazima ni uongo. Kisha unaniandikia eti nimefuata maneno yako. Mwandikie kaka Elimringi, tafadhali. Mwambie pia habari ya alizeti.

Sikiliza, nikitaka kukuumiza nitakutukana, mdomo ninao. Sitaidhuru mashine ile. Mama alishonea ada za shule zetu sote, huyo Steven wako akiwemo. Kulala nilikuwa nalala na hasira juu yako, lakini wakati naandika ile barua niliona mikono yangu mwenyewe ikichomeka sindano, na singeweza kuiandika vibaya hata kama ningependa.

Nunua mafuta ya taa kidogo. Tia kila tundu la mafuta, zungusha gurudumu kwa mkono polepole mpaka uone uchafu unatoka, futa, rudia. Kisha ndiyo mafuta ya mashine. Baada ya hapo chukua barua yangu ile ya kwanza ya mafunzo, ufanye kama ilivyoandikwa. Na hewa utaikanyaga, wacheke wasicheke.

Joyceline

*

Kariakoo, 22 Februari 2025

Wifi,

Inalia.

Nilikanyaga hewa. Bushiri aliita wapita njia waje kuona mwanamke anayeshona upepo. Nilitamani kumrushia mkasi, nikaendelea kukanyaga. Nikamaliza daftari zima la karatasi, mistari ya kwanza ilikwenda kama ng'ombe aliyekata kamba, ya mwisho ilinyooka. Nilipotia uzi na kitambaa na kuona mshono wa kwanza umetoka sawa juu na chini, nilipiga kelele mpaka Mzee Humoud akatoka dukani akidhani nimejichoma.

Alisimama pale mlangoni akisikiliza, tasbihi mkononi. Akasema, "Haijafa." Basi, akarudi ndani. Shuka nimelikunja nimeliweka. Ramadhani inaingia na kiti ni changu. Mdogo wake Bushiri amerudishwa alikotoka.

Sikuomba radhi na siombi. Ungekuwa mimi, nawe ungefanya kinyume.

Jacqueline

*

Machame, 1 Machi 2025

Jacqueline,

Nilikuwa nimekaa naisoma barua yako mara ya pili, mjinga mimi, nikimsomea mume wangu Eliakimu pale pa mshono wa kwanza. Tukacheka. Elibariki akiwa anakunywa chai kwangu naye akacheka, kisha akasema, "Kweli shemeji ana kipaji. Hata Bi. Amna mke wa Mzee Humoud alimuuliza nani kakufundisha, akajibu nimejifunza mwenyewe, kwenye simu."

Chai ilinishinda.

Kwenye simu! Simu ndiyo iliyonusa alizeti? Simu ndiyo iliyokuambia bapa kushoto? Fadhila ya punda mateke, nilikuwa naisikia tu, sasa nimeionja. Kaka zangu walinifuta kwa mila. Wewe umenifuta kwa ulimi tu, mbele ya Bi. Amna, mwanamke aliyekuwa ananipa tende kila mfungo nilipokuwa mtoto pale barazani na ananijua kwa jina.

Usiniandikie tena. Ukikwama, iulize simu.

Joyceline

*

Kariakoo, 8 Machi 2025

Wifi Joyceline,

Umesema nisiandike, naandika.

Ulitaka niseme nini? Bi. Amna aliuliza mbele ya Bushiri na baraza zima. Ningesema nimefundishwa na binti wa marehemu, swali la pili lingekuwa, basi kwa nini asikae yeye? Wewe una mume mwenye ng'ombe na kahawa. Mimi nina kiti kile tu. Niliogopa, nikasema simu. Ndivyo ilivyokuwa, na kama ni kosa basi ni kosa la mtu mwenye njaa.

Sasa yamenikuta. Bi. Amna amenipa kanzu za wajukuu wake, watoto wa Yasser, za kuvaa asubuhi ya Idi kwenda kusali Mnazi Mmoja. Anasema mama ndiye aliyekuwa akizishona kila mwaka, kwa hiyo ni haki ya kiti hiki. Pembeni nimeshona vizuri. Mikono nimeiweka. Shingo imenishinda. Mshono ukigeuka tu kufuata duara, kitambaa kinakunjana, nafumua, kinakunjana tena, na kitambaa cheupe ukikifumua sana kinachakaa. Bi. Amna alipita juzi akaikunjua moja, akaitazama shingo, akairudisha mezani. Bushiri aliona.

Nikiharibu kanzu hizi, kiti kimekwenda, na safari hii hakirudi. Niambie shingo inashonwaje. Nakuomba. Unaona nimeliandika.

Jacqueline

*

Machame, 11 Machi 2025

Jacqueline,

Nimeliona.

Shingo naijua. Mama alinifundisha kwa kanzu za baba yao hao watoto, Yasser mwenyewe, alipokuwa hajaota hata meno ya mbele. Lakini bure yangu imekwisha.

Nenda kwa Bi. Amna. Usiende nyumbani kwake ukamnong'oneze, hapana. Ngoja afike barazani, Bushiri awepo, wote wawepo, mashine zinyamaze. Sema nani alikufundisha. Sema jina langu na jina la mama yangu. Ukishasema, niandikie, nami nitajibu habari ya shingo.

Ukiona ni ghali, zishone hivyo hivyo zilivyo, watoto waende kusali na shingo za mikunjo.

Joyceline

*

Kariakoo, 15 Machi 2025

Wifi,

Nimesema. Furahi.

Bi. Amna alikuja baada ya swala ya alasiri. Nilisimama. Nikasema, "Bi. Amna, nilikudanganya. Sikujifunza kwenye simu. Aliyenifundisha ni wifi yangu Joyceline, binti wa Mama Elimringi, kwa barua, kutoka Machame. Hata mashine hii niliiharibu, akaiponya akiwa huko huko." Bushiri aliacha kukanyaga. 

Bi. Amna alikaa kwenye benchi. Akasema, "Joyceline! Yule mtoto wa pindo nzuri? Yu hai, anashona, na nyinyi mmemweka mlimani?" Nikadhani ananisifu kwa kusema kweli. Kumbe bado. Akaniambia, "Basi mlete yeye. Kazi ya Idi naitaka ya mwalimu, mwanafunzi nitamfanyia nini?" Akamwita Mzee Humoud palepale, wakazungumza, Mzee akaja akaniambia kiti ni cha binti akitaka kuja, na kwamba mimi naweza kukaa chini kwenye mkeka, nikate nyuzi na kushona vifungo, kwa kuwa hawapendi kumfukuza mtu mwezi mtukufu.

Ndiyo bei uliyonitoza. Ukoo ulikunyima, mimi nimekurudishia kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya adui yangu anayecheka. Nimelia chooni kwa Mzee Humoud, maana nje nisingempa Bushiri faida hiyo. Kanzu ziko kwenye mfuko, sijazigusa. Mkeka nimeshautandika. Njoo ukae kwenye kiti chako, wifi. Shingo usiniandikie tena, haina kazi kwangu.

Jacqueline

*

Machame, 18 Machi 2025

Wifi Jacqueline,

Nilipofika pale pa Bi. Amna nilisimama nikazunguka uwanja. Nilidhani nitapiga vigelegele mpaka majirani waje. Havikutoka. Niliisoma ile sehemu ya mkeka nikajiona mimi, jikoni, nachambua mchele huku wanaume wanagawana. Hasira iliyonipanda haikuwa juu yako, na imenikera sana, maana nilikuwa nimeshaizoea ile ya kwako.

Nakuja. Eliakimu atabaki na ng'ombe wake. Nafika Alhamisi na basi la mchana, na Bi. Amna nitamweleza mwenyewe kwamba kazi yake siifanyi bila wewe. Asipotaka, atafute fundi mwingine wa kumshonea shingo Idi hii, na atamtafuta sana.

Usifikiri nimekusamehe. La simu halijanitoka, na alizeti nitakusimangia mpaka tuzeeke. Lakini shingo ya kanzu haiandikiki. Nimejaribu, nimechana karatasi tatu. Kitambaa unakigeuza kwa kidole kabla sindano haijashuka, na hicho kidole lazima ukione kinavyokwenda.

Kwa hiyo kunja huo mkeka. Ingia mtaani utafute kiti cha pili, kisiwe kifupi kuliko cha mama, ukiweke upande wa kushoto wa mashine. Mwanafunzi hawezi kujifunza akiwa amekaa chini, macho yake lazima yawe sawa na sindano.

Joyceline